Kutoka -43 hadi -62: shajara ya studio ya chumbani, Magomeni, Dar es Salaam

Jumamosi, 8 Machi 2025

Kazi imerudi. Sura tatu za kitabu cha kusikiliza, saa nzima na dakika kumi za sauti, pamoja na ujumbe wa mstari mmoja: usomaji mzuri, ila nyuma kunasikika mtaa. Nimevaa hedifoni nikasikiliza upya. Kweli. Dakika ya nne mhusika anapewa habari za msiba wa mama yake, na chini ya kilio chake muuza kahawa anapita akigonga vikombe. Sura ya pili kuna yule wa dawa ya panya, mende na kunguni, na spika yake inatamka maneno vizuri kuliko mimi.

Nimeomba miezi miwili, wamenipa. Nitaandika humu kila ninachojaribu, pamoja na kilichoshindikana, maana nimeshasoma maelekezo mengi ya watu wenye nyumba za mbao na bustani nyuma, na hakuna hata mmoja aliyezungumzia bati.

Nilivyo: tumepanga vyumba viwili vya mbele kwenye nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani tunachangia. Chumba cha kurekodia ni mita 3 kwa mita 3.2. Ukuta wa tofali na plasta, sakafu ya saruji, dari nyembamba, bati juu yake, na dirisha la luva linalotazama mtaani. Nina maiki ya kondensa, ile inayonasa hata sauti ndogo, intafesi ndogo ya USB ya kuiunganisha na kompyuta, kompyuta yenyewe, na Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti. Basi.

Mteja anataka vipimo vya ACX, yaani ule mfumo wa Audible wa kutengenezea vitabu vya kusikiliza. Wastani wa sauti uwe kati ya desibeli (dB, kipimo cha ukubwa wa sauti) -23 na -18, kilele kisivuke -3, na pale msomaji aliponyamaza kelele isizidi -60. Namba hizi zinahesabiwa kutoka sufuri kwenda chini, kwa hiyo kadiri inavyoshuka ndivyo kunavyotulia. Saa nne asubuhi nimeisogeza sauti yangu kwenye -20, nikanyamaza sekunde kumi, nikapima kile ninachokiita kelele ya kimya: -43.

Nadaiwa desibeli 17.

Jumapili, 9 Machi

Leo sijasoma hata neno. Nimekaa saa nzima na hedifoni, maiki ikiwa wazi, nikiandika kila kinachoingia pamoja na saa yake. Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao, kule Barabara ya Morogoro unasikika kama pumzi nzito, unakuja na kupotea. Bodaboda hazihesabiki. Grenda ya fundi wa kuchomelea mageti, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kunguru, hawa wageni waliotoka India wakaingilia Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, ambao wamekaa mpaka wamekuwa wenye mji. Mtoto wa chumba cha nyuma anajifunza kuhesabu, anaishia kumi na mbili kila mara.

Hizo nilizitegemea. Ambazo sikuzitegemea ziko ndani. Friji. Kiti changu, kinachopiga kelele nikivuta pumzi. Simu, ambayo kila ikitafuta mtandao inaacha dididi-dididi kwenye rekodi hata ikiwa kimya. Tumbo langu. Niko kwenye mfungo, na ikifika saa tisa alasiri linaunguruma kwa namna ambayo maiki ya kondensa inaipenda sana.

Halafu kuna mvumo mmoja usiokoma, chini kabisa. Nimefungua picha ya masafa kwenye Audacity nikaona milima mitatu imejipanga: mitetemo 50, 100 na 150 kwa sekunde. Umeme wetu unapiga 50 kwa sekunde, kwa hiyo huyo si mgeni wa kutoka mtaani. Ni umeme wenyewe umepata njia.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemkamata. Nimechomoa chaja ya kompyuta, mlima wa 100 na wa 150 umeanguka hapohapo. Nimeirudisha, umerudi. Nimechomoa tena, kama mtoto na swichi ya taa. Waya wa maiki nao ulikuwa umelala sambamba na waya wa ekstensheni chini ya meza. Nimeutenga, na pale zinapolazimika kukutana nimezipitisha kwa msalaba.

Sheria ya kwanza ya chumba hiki: chaji betri ijae, chomoa, ndipo urekodi. Sasa ni -46. Deni 14. Na sijatumia hata shilingi.

Jumatano, 12 Machi

Nimetumia shilingi, na ningeomba mambo haya yabaki baina yetu.

Rafiki alinishauri trei za mayai. Kila mtu anashauri trei za mayai. Nimechukua 40 kwa mama anayeuza mayai sokoni, nimezibandika ukuta wa dirishani na gundi mpaka usiku, mke wangu akinipitia mlangoni bila kusema kitu, jambo ambalo kwake ni maoni. Nimepima. -46.

Baadaye nikakaa nikafikiri kile ambacho ningefikiri kabla. Kuna kazi mbili ambazo watu wanazichanganya. Moja ni kuzuia sauti ya nje isiingie, na hiyo inataka uzito na kuziba nafasi: tofali, mbao nene, mlango usio na upenyo. Ya pili ni kunyonya mwangwi wa sauti yako mwenyewe inayogonga ukuta na kurudi, na hiyo inataka kitu kinene chenye nyuzi na hewa ndani. Trei ya mayai haina uzito wa kazi ya kwanza wala unene wa kazi ya pili. Ni karatasi yenye matuta. Nimezibandua, plasta imetoka nazo sehemu mbili, na mama wa mayai amekataa kuzipokea kwa sababu zina gundi.

Jumamosi, 15 Machi

Kazi ya kwanza, basi. Sauti inaingia pale hewa inapoingia, na luva ni mwaliko wa hewa. Fundi seremala amenikatia ubao mzito wa milimita 18 wenye ukubwa wa tundu la dirisha kwa ndani. Pembezoni nimezungushia mpira wa tyubu kuukuu ya bodaboda, uliochanwa vipande na kupigiliwa misumari midogo, ili ubao ukisukumwa ubane kama kifuniko cha chupa ya chai. Mlangoni chini nimelaza kanga iliyoviringwa, ndani yake nimetia mchanga kidogo upate uzito.

Nilipousukuma ubao mara ya kwanza, masikio yalisikia tofauti kabla ya kipimo. Mtaa ulirudi hatua kumi nyuma. Bodaboda zipo lakini zimepoteza meno. Kilichobaki ni ule mngurumo wa chini. -49.

Gharama yake ni joto. Huu ni Machi, Dar, feni imezimwa, dirisha limezibwa. Baada ya dakika kumi na tano jasho lilikuwa linadondokea meza, na nadhani moja ya matone hayo linasikika kwenye rekodi. Nitakuwa narekodi dakika kumi na tano, natoka nje kumi.

Jumanne, 18 Machi

Ugunduzi wa maana kuliko ubao na tyubu, na ni wa bure.

Nilidhani usiku ndio wenye utulivu. Miezi mingine labda. Mwezi huu watu wanatoka tarawehe, wanakaa vibarazani mpaka saa sita, na saa kumi kasoro vijana wanapita na madebe na ngoma kuamsha daku. Katikati hapo nyenje wanashika zamu, na sauti yao nyembamba inakaa palepale penye herufi s na sh, huwezi kuiondoa bila kuziumiza.

Lakini jana nilisahau kuzima rekodi jioni. Leo nimeitazama picha yake na kuna kitu mfano wa bonde. Saa 12:35 inaingia adhana ya magharibi, misikiti mitatu kwa kupokezana, na baada yake mtaa wote unanyamaza. Hakuna bodaboda, hakuna grenda, hata kunguru wameshatulia. Watu wako mezani. Bonde hilo lina urefu wa dakika kama ishirini, halafu vijiko vinaanza, halafu maneno, halafu televisheni.

Dakika ishirini ambazo Magomeni nzima inakula tende, na mimi ndiye pekee nisiye na haja ya kula tende wakati huo, kama nitastahimili. Nimemwambia mke wangu. Amesema, "Utafuturu na maji kwanza, ndipo ukaongee na ukuta wako." Ndivyo tulivyokubaliana. Tende tatu, maji, swala, ndani. Na nimegundua pia kwamba maji ni nusu ya kazi: kinywa kikavu kinapiga vibofyo kila ulimi unapoachana na kaakaa, na hakuna programu inayovitoa vyote.

Alhamisi, 20 Machi

Umbali wa maiki. Nilikuwa nakaa sentimita 30 kwa sababu niliona picha za watu wamekaa hivyo. Leo nimekaa 15. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako inafika kwenye maiki ikiwa na desibeli 6 zaidi, huku kelele ya chumba ikibaki ilivyokuwa. Unarudisha geini, yaani kiwango cha kukuza sauti, chini desibeli 6, na kelele inashuka nayo. Ni hesabu ya bure kabisa, na sijui kwa nini niliianza siku ya kumi na mbili.

Pia nimezungusha meza. Maiki yangu inasikia vizuri mbele, na nyuma ni karibu kiziwi. Nilikuwa nimekaa nimelipa dirisha mgongo, kwa hiyo uso wa maiki ulikuwa unatazama mimi na dirisha kwa pamoja. Sasa mimi natazama dirisha, yenyewe imelipa kisogo. -55.

Nimeazima pia maiki ya dainamiki kwa jamaa anayeimba kwenye harusi, kwa sababu watu wanasema dainamiki haisikii kelele. Nimezijaribu zote mbili umbali uleule, nikalinganisha sauti zikawa sawa, nikapima kimya. Tofauti ilikuwa ndogo mno kuitaja. Dainamiki imepata sifa hiyo kwa sababu anayeitumia anaila kama hindi la kuchoma; ukaribu ndio unaofanya kazi. Na intafesi yangu ndogo ilibidi niikamue geini mpaka ikaanza kutoa mchakacho wake yenyewe, shhh, kama redio iliyokosa stesheni. Nimeirudisha kwa mwenyewe na shukrani.

Ubaya wa kukaa karibu ni pumzi. P na b zinapiga maiki kama kofi. Bibi yangu alikuwa wa Mombasa, akitofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi tu, ile ya mnyama ikitoka na hewa. Mimi nilirithi hilo bila kujua, na kitabu hiki kina sura nzima ya uwindaji. Nimeweka soksi ndefu ya kike juu ya waya uliopindwa duara, sentimita 8 mbele ya maiki, na ninasema nikiwa nimeelekeza mdomo pembeni kidogo. Paa wote wametulia.

Jumamosi, 22 Machi

Kazi ya pili: mwangwi. Nikipiga kofi moja chumbani linajibu kwa mlio wa chuma, *tzing*. Kuta tupu zinazotazamana. Mwangwi hausomeki sana kwenye kipimo cha kimya, lakini ndio unaomfanya msikilizaji ajue kwamba uko chumbani kwa mtu.

Spongi za kubandika za sentimita mbili na nusu nimeziona dukani na bei yake, nikacheka. Nyembamba hivyo zitanyonya s na sh na kuziacha sauti nzito zikizunguka, upate sauti yenye homa. Unahitaji unene. Wenzetu wanatumia pamba ya mawe. Mimi nimekumbuka godoro la sufi alilokuwa nalo bibi huyohuyo. Uzi wa sufi una uwazi ndani, mwepesi mno, ndiyo maana zamani walijaza maboya ya kujiokolea melini. Hewa nyingi, nyuzi nyingi: mawimbi yanaingia yanachoka humo.

Nimepata magodoro mawili makuukuu kwa fundi wa magodoro. Seremala ametengeneza fremu nne, kila moja mita 1.2 kwa sentimita 60, kina sentimita 10.

Jumatatu, 24 Machi

Kosa: nilichana magodoro ndani ya studio, bila barakoa.

Sufi haishuki. Inaelea, inafikiri, inaingia puani. Kwa siku mbili nimekohoa kama mzee wa kiko, na mtu anayeishi kwa koo lake amekaa na sauti ya chura. Mke wangu alifagia, ikapanda. Akamwagia maji, ikaganda sakafuni. Yaliyobaki nimeyafanyia uani, na majirani wakaanza kupiga chafya mmoja baada ya mwingine.

Kwa atakayenifuata: chana nje, funga pua, na ifungie sufi kwanza ndani ya mfuko wa bafta ndipo uitie kwenye fremu.

Alhamisi, 27 Machi

Paneli nne zimesimama. Kuzifunika nilitaka kitambaa cheusi kama studio za watu. Mke wangu akasema sebule yake haitageuzwa kuwa pango, akatoa kanga zake mbili za zamani. Kanga inafaa kuliko nilivyodhani, pamba nyepesi, hewa inapita. Ukiiweka mdomoni ukapuliza unaisikia pumzi upande wa pili, na hilo ndilo jaribio. Iliyo mbele yangu, kimo cha macho, imeandikwa *Kelele za mlango hazinikoseshi usingizi*. Anasema hakuchagua kwa makusudi.

Nimesogeza kila paneli sentimita 8 mbali na ukuta, hewa ya nyuma inazisaidia na sauti nzito kidogo. Mbili ubavuni, moja nyuma yangu, moja mbele nyuma ya maiki. Kofi sasa linasema *tup*. Kipimo cha kimya kimeshuka kwa desibeli moja tu, -56, na nilijua. Lakini mteja akisikia sura ya kwanza ya kanga na ile ya zamani hatadhani ni mtu mmoja.

Jumatano, 2 Aprili

Sikukuu imepita na bonde langu la dakika ishirini limekwenda nayo. Magharibi sasa ni saa kama saa nyingine. Nimeacha kompyuta ikirekodi siku mbili kutafuta bonde jipya. Lipo, si zuri vilevile: kuanzia saa moja asubuhi, watoto wameshakwenda shule, kunguru wameshamaliza ghasia zao za alfajiri, mpaka grenda inapowashwa. Siku nyingine inawashwa saa moja na robo, siku nyingine saa tatu. Maisha yangu ya kisanii yanamtegemea fundi na ratiba ya mageti yake.

Jumapili, 6 Aprili

Friji. Nimekuwa naizima wakati wa kurekodi, kisha naiwasha. Juzi niliizima saa moja asubuhi, kazi ikaenda vizuri, nikatoka na furaha kwenda mjini kumwonyesha mtu. Ndani ya friji kulikuwa na kilo mbili za changu, aliyeletwa na mama mkwe kutoka Bagamoyo.

Sitaandika yaliyosemwa.

Dawa nimepewa na mtu anayerekodi sauti za filamu: kabla ya kuzima friji, weka funguo zako za nyumba ndani yake. Huwezi kuondoka. Nimefanya hivyo leo na funguo zilikuwa za baridi tamu sana mkononi.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Masika yameshuka juu ya bati. Hakuna nilichojaribu leo kwa sababu hakuna cha kujaribu: -24, yaani karibu sawa na mimi nikisoma. Shemeji amenipa gari lake, Noah, nikidhani viti vya kitambaa na vioo vilivyofungwa vitakuwa studio nzuri, na kwa siku kavu ni kweli, gari lina mwangwi mdogo kushinda chumba changu. Ila nalo limeezekwa bati. Nilikaa humo na maiki mapajani, mvua ikicheza ngoma juu yangu, nikala mahindi.

Mvua ilipokatika wakaanza vyura.

Jumatatu, 14 Aprili

Siku ya programu. Nimeichelewesha kwa makusudi, maana nilianza mradi huu nikiamini programu itafanya kila kitu, na nilitaka nione ni kiasi gani kitabaki kwa ajili yake.

Kwanza nimekata kila kilicho chini ya mitetemo 80 kwa sekunde. Sauti yangu haina cha maana huko. Kuna mwendokasi, kuna mabaki ya mvumo wa umeme. -60, kwa hatua moja, nikiwa nimepima saa moja na nusu asubuhi. Sehemu kubwa ya kelele ya mtaa uliozibwa kwa ubao inakaa chini, kwa sababu ubao unazuia sauti nyembamba na kuziachia nzito.

Kisha kupunguza kelele. Audacity inataka kwanza uionyeshe kelele ikiwa peke yake, sekunde chache za chumba kitupu, ndipo inaitafuta humo kwenye sauti na kuipunguza. Ndiyo maana kila rekodi naianza na sekunde kumi za kunyamaza, palepale, siku ileile. Kelele ya jana haifai kwa kazi ya leo. Nimejaribu kuondoa desibeli 24. Kimya kilikuwa cha kaburini, na mimi nikawa nasoma nikiwa ndani ya ndoo ya maji, kila mwisho wa neno ukiacha vikengele vidogo vinavyometameta. Kwa 12 bado navisikia. Kwa 6 sivisikii. Nimebaki na 6: -66.

Compresa, ile ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo, inanyanyua kelele pamoja na minong'ono, kwa hiyo inarudisha kama desibeli 4. -62. Nimeiangalia namba hiyo muda mrefu kidogo.

Ndipo nikataka sifa zaidi, nikaweka geti: chombo kinachofunga sauti kabisa pale inaposhuka chini ya kiwango fulani, na kufungua mtu anapoanza kusema. Kimya kikawa kimya. Nikasikiliza sura nzima nikitabasamu mpaka nikafika kwenye sentensi hii, niliyoisoma hivi: "Mtoto wa mjomba alikwenda mjini na mkewe." Geti limeitoa hivi: "Toto wa jomba alikwenda jini na kewe."

Ile m yetu ya mwanzo inaanza taratibu, mdomo umefungwa, sauti inapita puani. Geti linangoja kishindo ndipo lifungue. Likifungua m imeshapita, na mji umekuwa jini. Kwa lugha inayoanza maneno kwa konsonanti yenye kishindo huenda linafaa. Kwa Kiswahili, hapana. Nimelitoa, na nimerudia kusikiliza sura zote kutafuta majini mengine.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimekwenda kwa fundi wa mageti. Ningekwenda tarehe 9 Machi, kabla ya trei, kabla ya sufi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Karibu. Geti au dirisha?"

"Hapana mzee wangu, mimi jirani yako, nyumba ile ya tatu."

Akainua miwani yake ya kuchomelea. "Ee, nakujua. Wewe ndiye unayeongea peke yako ndani."

Nikamweleza. Alisikiliza vizuri, akaniuliza kitabu kinahusu nini, nikamwambia, akauliza huyo mtu mwisho anampata yule mwanamke, nikasema sura ya kumi na nane. Halafu akasema, "Sasa mwanangu, grenda nikiizima watoto wangu watakula sauti yako?"

Nilikuwa sina jibu. Akalitoa mwenyewe. Asubuhi ana kazi za kupima, kukunja na kupaka rangi, zinaweza kutangulia. Grenda itangoja mpaka saa tatu, Jumatatu hadi Jumamosi. Lakini na mimi nimrekodie tangazo. "La spika. Yule wa dawa ya mende anapata wateja kuliko mimi, na mende hawaishi."

Tumepeana mikono.

Jumatano, 23 Aprili

Nimemrekodia fundi tangazo, sekunde 40. Nimelifanyia kila kitu ninachojua: paneli, sentimita 15, kata chini ya 80, punguza 6. Nimelisoma mara tisa. Amelisikiliza kwenye simu, akalirudia, akamwita kijana wake asikilize, akasema, "Kumbe una sauti."

Jumatatu, 12 Mei

Nilirekodi upya sura zote tatu na kumi nyingine, dakika kumi na tano ndani, kumi nje, saa moja mpaka saa tatu. Fundi ametimiza ahadi kila siku. Mvua ilinila asubuhi saba.

Jibu limekuja leo. Zimepita. Wameuliza nimehamia studio gani.

Jumamosi, 17 Mei

Kazi mpya, kitabu kirefu. Saa moja na dakika ishirini asubuhi nimefunga ubao, funguo ziko kwenye friji, chaja imechomolewa. Nimenyamaza sekunde kumi kwa ajili ya kelele ya kimya. Sekunde ya sita, kupitia ubao wa milimita 18 na tyubu yote ya bodaboda, nimesikia mtu ananijia kwa sauti ninayoifahamu, tulivu, isiyo na mwangwi, kila m ikiwa mahali pake:

"Mageti, madirisha, milango ya chuma, mafundi tupo, bei ya kuelewana..."

Nimetoka nje. Grenda imezimwa, kama tulivyoahidiana. Fundi anapaka rangi, spika mpya imefungwa juu ya nguzo, inatazama upande wetu. Amenipungia mkono na brashi.

Nimerudi ndani nikapima. -41.